Mstari wa Mkaa Nilioufuta

Siku moja sijaisahau mpaka leo, mwanangu, siku mawingu yaliposimama juu ya ziwa na bibi kizee mmoja akanionyesha kamba. Kaa hapo. Umeniambia huko kazini kwako Musoma mpango wa ujenzi mnaupanga kwenye kompyuta, na wewe ndiye unayeushika. Hata mimi nilishikaga mpango. Kompyuta yangu ilikuwa ukuta.

Tulikuwa Guta, kijiji cha Ujamaa, tunajenga ghala la pamba. Lazima liezekwe kabla ya mvua, maana pamba ya kijiji kizima ilikuwa inalala uani na chini ya vitanda. Wazee walikaa na fundi wakapanga: msingi wiki hizi, matofali wiki hizi, kuta, halafu paa. Wiki kumi na mbili, basi.

Mimi nilikuwa na darasa la nne na mdomo wa darasa la kumi, wakanipa ukuta wa ofisi. Mstari mweusi wa mkaa, kazi ilivyopangwa. Chini yake mstari wa udongo mwekundu, kazi ilivyofanyika. Kila siku ya gulio watu walipitaga kuangalia kama mwekundu umeufikia mweusi.

Kila nyumba kumi zilikuwa na kazi yao, na waliochelewa niliwachonga kwa maneno hadharani. "Nyie wa mlimani, huo msingi mmewaachia kuku wachimbe?" Watu wanacheka mpaka wanashika magoti. Mcheka kilema, mwanangu, hajafa.

Ikafika zamu yetu, matofali. Watu wetu asubuhi wanaitika, mchana wamepotelea kwenye mashamba yao kuchuma pamba. Mjomba Magesa, balozi wetu wa nyumba kumi, akanifuata ofisini akafunga mlango.

"Mpwa, umewacheka wenzio. Kesho watatucheka sisi."

"Sasa mjomba nifanyeje? Matofali hayapo."

"Huo mkaa si unafutika?"

Nikalowesha kitambaa. Nikafuta mstari mweusi nikauchora wiki moja mbele, na kazi zote zilizofuata nikazisogeza vilevile. Mwenyekiti akapita, akaona mweusi na mwekundu wako sawa. "Safi sana, hatujachelewa hata siku!" Nikacheka naye.

Uongo wa kwanza unauma, wa pili unawasha tu. Nilifuta mara tatu. Sasa hata mimi nikiangalia ukuta sikujua tena tulipangaga nini mwanzoni. Upepo wa ziwa ukaanza kunuka mvua, siafu wanahama na mayai yao, na ukuta wangu unasema bado wiki tano, tulieni. Watu wakatulia kweli. Mimi ndo silali.

Siku ile niliyokuambia, siku ya gulio, akaingia Bibi Nyabise, na kamba ya katani mkononi. Hakujua kusoma. Siku wazee walipopanga kazi alikuwepo, akafunga fundo moja kwa kila wiki, na kila gulio anafungua moja.

"Mjukuu wangu, ukuta wako unasema zimebaki wiki ngapi?"

"Tano, bibi."

"Kamba yangu ina mafundo mawili."

Nikajaribu mzaha. "Bibi, labda panya kala mafundo matatu."

Hakucheka. Hata mwenyekiti, mjomba na watu wa gulio waliokuja kuangalia ukuta, hakuna aliyecheka. "Panya anakula kamba," akasema, "haongezi wiki ukutani. Nani kaongeza?"

Njia ya mwongo fupi, na yangu iliishia pale mlangoni. Mjomba akaangalia miguu yake. Nikasema, "Ni mimi." Mwenyekiti akatoka nje akaangalia mawingu, akarudi, hakunitukana. Bora angenitukana.

Ikapigwa mbiu ya lisaga, ile kazi yetu ya kusaidiana. Hata wa mlimani niliowachonga walikuja, wakabeba matofali yetu. Tulijenga kuanzia jogoo mpaka giza. Mvua ilipobisha hodi, nusu tu ya ghala ilikuwa na mabati. Mwenyekiti akauliza nani pamba yake itabaki nje. Nikajibu, "Sisi."

Ikanyesha siku tatu. Pamba ya mama yangu tuliifunika nyasi na mkeka, ikalowa. Kwenye kituo cha kununulia pamba wakaipanga fifi, daraja la chini kabisa, kama uchafu. Mama akachukua konzi moja, nyeusi kama moshi, akaniwekea kiganjani.

"Hii nayo utaifuta?"

Swali hilo ninalo mpaka leo.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Unasema hiyo programu inatunza mpango wa kwanza, wa msingi, na pembeni inaonyesha kazi ilipofika. Basi ule wa kwanza usiuguse. Kazi ikichelewa, acha ionekane imechelewa, wenye nguvu waje kusaidia mapema. Mpango ukitaka kubadilika kweli, waite wote mliopanga nao, uandikeni mwingine kando ya ule wa zamani, na sababu yake. Bosi akikufungia mlango kama mjomba wangu, ufungue. Kuchelewa kunasameheka, kinachoua ni kuficha.

Haya, nenda. Mungu akupe mkono wa kuandika ukweli hata ukitetemeka, akupe na Bibi Nyabise wako wa kukushikia kamba. Na mvua, mwanangu, ikukute umeshaezeka.