Shuka la Mama Aneti na Herufi Zangu Nene

Jamani, aibu hii nimeificha miaka mingi, ila kwa kuwa mke wangu keshaanza kuwasimulia nusunusu, bora niwape mwenyewe yote, mcheke mara moja yaishe.

Miaka ile ya tisini kila mtu Moshi alikuwa anafungua biashara, na mimi nilikuwa fundi wa kuandika mabango pale Njoro. Mama Aneti, aliyeuza ndizi na maziwa mpaka akajenga hoteli yake ndogo ya chakula kule Rau, akanipa kazi ya bango lake. Sasa Aneti, binti yake, ndiye niliyekuwa namtaka, na wazee wangu walikuwa wapeleke barua ya posa wiki inayofuata, kwa hiyo bango lile kwangu lilikuwa mtihani.

Nikaona herufi za kawaida hazitoshi. Kwenye gazeti moja la nje nilikuwa nimeona herufi za kisasa, nene, hazina vijimkia wala madaha, A ni pembetatu tupu, O duara kamili (yangu niliichora kwa kufuata sahani). Nikaandika TUMAINI HOTELI, nyeusi tii. Asubuhi ya ufunguzi nikaona bado zinaweza kunona kidogo, nikaongeza mkono wa tatu wa rangi. Huo ndio ulioniponza, maana ilikuwa Julai, ukungu unakaa mpaka mchana, na rangi ya mafuta ikiwa nene namna ile haikauki kwa haraka zako.

Mama Aneti akaleta shuka lake jeupe la kudarizi, lile la wageni, lifunike bango mpaka lizinduliwe.

"Limekauka, mwanangu?"

"Limekauka, mama," nikajibu bila hata kuligusa (ujana bwana).

Mchungaji akasali sala ndefu, akawaombea mpaka ng'ombe, huku shuka linazidi kunata. Akavuta kamba, halitoki, akavuta tena, wapi. Nikapanda stuli nikalivuta kwa mikono miwili, likabanduka lote kwa mpigo, mimi na stuli na shuka tukaenda chini, na waliponifunua nilikuwa na duara jeusi kuzunguka jicho, shuka lina herufi zilizogeuka kinyume, na bango limebaki kama matope. Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Mama Aneti hakucheka. Alilikunja shuka lake taratibu, akaingia ndani, nami nikajua mke nimemkosa.

Kesho yake nikaenda na jani la sale mkononi, maana kwetu ukiomba msamaha kwa jani hilo hukataliwi. Nikaamkia, akaitikia, akalipokea huku anatazama jicho langu (mafuta ya taa yalikuwa yameshindwa kulisafisha).

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini wazee wako wasije mpaka bango likauke, na nitaligusa mwenyewe."

Nikaandika upya, herufi zilezile nene, kwa ubishi wangu. Siku kumi nzima kila nikipita namkuta anaibonyeza ile O, anatazama kidole, anatikisa kichwa. Ya kumi na moja akaniinulia kidole kisafi, akatabasamu.

Tangu hapo sisemi kitu kimekauka kabla sijakigusa. Na siku ya harusi mama mkwe alitupa zawadi yake ndani ya karatasi nzuri, tukafungua, kumbe ni shuka lile, limefuliwa na kupigwa pasi, herufi zangu bado zimo katikati. Ndilo tunalowatandikia wageni mpaka leo, nanyi mmeshalilalia.