Kreti Tatu Nyuma ya Jiko la Mmeksiko

Nyie mliofika Stockholm miaka ile yetu, simu zikiwa bado na vitufe, mnaikumbuka bila shaka harufu ya baridi ya kwanza: koti la kupewa na ngazi za ghorofa zilizotoka kupigwa deki. Kule Rågsved, mtaa wa pembezoni mwa jiji, tulikuwa watatu: mimi, mdogo wangu Bosco, na Aline, kitinda mimba wetu. Mkubwa nilikuwa mimi, na huyo mkubwa mwenyewe hakuwa amefika miaka ishirini. Baba alitutoka tukiwa bado Burundi. Shule niliiachia kambini Kigoma, mama alipofariki.

Tulicheza, msidhani hatukucheza. Tuliteleza kwenye theluji juu ya mifuko ya plastiki, tukarudi nyumbani suruali zimeganda kama mbao. Ule mkate mkavu wa Kiswidi, unaovunjika mdomoni kama kigae, Aline aliuchovya kwenye chai mpaka ukakubali kuwa mkate. Lakini chochote tulichokula, tulikula tumekaa. Hiyo ilikuwa sheria ya mama. Kwetu, kuonekana unatafuna njiani ni aibu, ila mama alikuwa na sababu yake. Tulipokimbia vita tulikula tukitembea, kiazi mkononi. Siku tuliyofika kambini alituketisha vumbini na uji wetu, akasema, "Kaeni mle. Hapa hakuna anayetufukuza." Aliyasema hayo kila tulipokula, hadi alipotuacha. Hakutuachia nyumba wala picha. Alituachia maneno hayo, nami nikaendelea kuyasema kila mlo, nikiogopa kwamba siku nitakapoyalegeza, wale wadogo watabaki kuwa wangu tu, hawatakuwa wake tena.

Kiangazi chetu cha kwanza kukawa na tamasha pale mtaani. Harufu ya makaa ilitufikia kabla hatujaliona jiko. Tangu Kigoma hatukuwa tumeinusa. Mama mmoja wa Meksiko, mfupi, mikono imejaa unga, alikuwa akipigapiga donge la mahindi kiganja kwa kiganja mpaka likawa kichapati chembamba. Alikichoma, akaweka nyama iliyokatwakatwa, kitunguu kibichi, dania, akakamulia ndimu. Tukapokea kila mtu chake, tukageuka kutafuta benchi. Hapakuwa na benchi. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, nyasi zimelowa chapachapa. Watu wote walikula wamesimama, shingo zimepinda kama kuku anayekunywa maji.

Aline akafungua mdomo. Nikamshika mkono.

"Hatujakaa."

"Dada, watu wote wamesimama," Bosco akanong'ona. Wenzake wa darasani walikuwa wanatutazama.

"Watu wote hawakuzaliwa na mama yetu."

"Kinapoa," alisema Aline, na macho yake yakaanza kulengwa na machozi.

Yule mama akatuona. Kwa Kiswidi kibovu kama changu akauliza kama chakula kina kasoro. Nikamjibu kwamba sisi hula tumekaa. Nilitegemea acheke. Badala yake alitoa chupa za soda kwenye kreti tatu, akazipindua nyuma ya jiko lake, akatandika magazeti, kisha akasimama kama mwenye nyumba anayesubiri wageni waanze. Foleni ya Waswidi ikangoja kimya, wanavyojua wao kungoja. Nimekutana na wakubwa wengi katika nchi hii, lakini heshima kama ile nimeiona mara chache.

Bosco, ili arudishe hadhi yake mbele ya wenzake, akajimwagia pilipili nyekundu. Yule mama wa jiko akamwonya kwa kidole.

"Dada, mwambie sisi ni Warundi," akasema Bosco.

Alipouma tu, machozi yakamtiririka. Akaapa kwamba ni moshi. Aline alicheka mpaka akapaliwa. Mimi nilitafuna taratibu. Unga ule ulikuwa na harufu ya mahindi yetu, ndimu inakata mafuta, kitunguu kinalia kwenye meno. Nikawaza, kumbe mahindi yetu yana ndugu mbali hivi.

Ndipo Aline, mdomo umejaa, akasema, "Hapa hakuna anayetufukuza." Siku ile sikuwa nimeyasema mimi. Alipofiwa na mama alikuwa mdogo mno, na siku zote nilidhani hakumbuki hata sauti yake.

Siku hizi Waswidi wanakula chakula kile kila Ijumaa, kwenye makochi yao, na sisi pia. Mtoto wa Aline ana miguu mirefu na mazoezi ya mpira. Anachukua chake mezani na kuondoka nacho, simu mkono wa pili, mchuzi unadondokea kiatu cheupe, halafu atalalamika kwamba kiatu kimechafuka.

"Kaa ule, mwanangu. Hakuna anayekufukuza."

"Najua, mama mkubwa," ananijibu kwa Kiswidi, tayari yuko mlangoni.

Na kweli anajua. Sisi tulilazimika kuambiwa kila siku. Nabaki mezani, nimekaa, nikimsikia anavyoshuka ngazi kuelekea kwenye treni, anatafuna, bila haraka yoyote.