Majani Yaliyofagiwa Mbooni

Safari hii ilianza na mche wa parachichi. Mama Mutheu, mama mkwe wa dada yangu, aliniletea mche huo Nairobi kutoka Mbooni, mizizi yake ameifunga kwa majani yaliyooza, yenye unyevu, aliyoyazoa chini ya mkuyu ulio kando ya kisima chao. Kazi yangu mimi ni kupanga wadudu kwenye droo za watafiti, na mtu wa kazi hiyo hatupi majani kabla ya kuyakagua. Nikayamwaga kwenye beseni. Ndani yake akaruka kadudu kadogo kama punje ya wimbi, ka rangi ya zambarau, kenye mshipi mweupe kiunoni.

Nyinyi mliobaki nyumbani Mwingi najua mtasema ni kiroboto. Siye. Huyu haumi mtu wala hali mazao. Anakula ukungu na majani yaliyooza, na chini ya tumbo amekunja kijiuma; akikifyatua, anarushwa juu. Sijui jina lake la Kiswahili, kwa hiyo namwita kiruka. Viruka wako wa aina nyingi duniani, na wengi wameshaandikwa vitabuni. Nilimlinganisha wangu na hao wote, sikumpata.

Tatizo ni kwamba nilikuwa na wachache mno. Mmoja alivunjika uma nilipomshika, mwingine alipoteza papasi, zile pembe laini za kichwani, na waliobaki walikuwa watoto. Mdudu mpya haelezwi kwa vipande na watoto. Wanatakiwa wazima, wa kiume na wa kike. Nami miaka yangu yote kazini nimeandika vibandiko vya wadudu waliopewa majina na watu wengine. Huyu nilimtaka awe wangu. Hata jina nilikuwa nimeshamchagulia, jina la marehemu baba yangu. Lakini kiangazi kilikuwa kinaingia, na majani yakikauka viruka hutoweka. Nikampigia simu Mama Mutheu, nikamwambia nakuja kuangalia kisima chake na majani yaliyo chini ya ule mkuyu.

Kwenye mji mdogo wa Salama nilishuka kubadilisha gari. Muuza machungwa mmoja aliona faneli, mabeseni meupe na mrija wa mpira vikichomoza kwenye mzigo wangu.

"Madam, hizi ni za kutafuta dhahabu?"

"Ni za kutafuta wadudu."

"Wadudu wa kuuza?"

"Hapana. Wa kuangalia tu."

Akaniongezea chungwa moja bure juu ya yale niliyonunua. "Hii ni ya njia," akasema. "Mungu akusaidie." Chungwa lile nalishukuru mpaka leo, ingawa najua lilitolewa kwa huruma.

Kupanda milima ya Mbooni ni kwa boda boda, na mwendeshaji aliniambia niiname mbele, la sivyo pikipiki ingekaa kitako. Nikainama. Pande zote mbili matuta ya mashamba yalipandana mpaka juu, mahindi na maharagwe, migomba mabondeni, na baridi ikaanza kunipapasa shingoni. Sisi wa Mwingi baridi tunaisikia redioni tu. Nilivaa sweta, nikamshukuru Mungu kwa kuumba mahali kama hapo na kuniruhusu nipaone.

Jioni nilifika kwa Mama Mutheu, nikamkuta hayuko peke yake. Alikuwa amesimama na wanawake wa mwethya wake, kile kikundi ambacho leo kinachimba matuta kwa huyu, kesho kwa yule, zamu kwa zamu. Wote walikuwa na vitambaa safi vichwani. Walinipokea kwa wimbo wa kanisani na kunipeleka moja kwa moja kisimani.

"Tumekufagilia!" akasema Mama Mutheu, uso wake ukimeta.

Chini ya mkuyu hapakuwa na jani hata moja. Udongo mwekundu ulikuwa na mistari ya ufagio iliyonyooka kama ya shule siku ya wazazi. Mawe ya kisima yalikuwa yamesuguliwa. Kando yake, lundo la majivu lilikuwa bado linafuka moshi.

Hakuna aliyekosea. Kwetu Ukambani mgeni wa mbali hapokewi penye uchafu, na mtu akisema anakuja kuangalia kisima chako na majani yake, utafanya nini ila kushika ufagio? Lakini nilitaka kulia. Nikasema, "Ni muvea muno," asante sana, wakapiga makofi, na mmoja wao akaomba kwa ajili ya safari yangu.

Wakati wa chakula Mama Mutheu alinipakulia isyo, mahindi na maharagwe yaliyoiva vizuri, nami nikawa nayasukuma tu kwa kijiko.

"Isyo haina chumvi?"

"Ina chumvi, mwaitu, mama yetu."

"Basi sema."

Nikasema. Nilimweleza kuhusu kiruka, uma uliovunjika, na majani. Aliweka kijiko chini, nikajuta kufungua mdomo.

"Kwa hivyo tumemchoma mgeni wako," akasema taratibu. "Na kiberiti nilishika mimi."

Hapo nikamhurumia yeye kuliko nilivyojihurumia. Aliinuka, akatoka nje na simu, nikamsikia akizungumza Kikamba haraka haraka na mtu mmoja, kisha mwingine. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imepata nguvu.

"Mama Kasyoka, mwenzetu wa mwethya, anasema yale majani ya chini yalikuwa na maji, yakakataa kushika moto. Wakagawana, kila mtu akaenda kuweka kwa migomba yake. Tunaweza kuyarudisha. Lakini hiyo mwethya ni wewe utaita. Mimi zamu yangu nimemaliza leo na ufagio."

"Nitaitaje, na mimi ni mgeni?"

"Utapika."

Ndiyo kanuni yao: anayeita mwethya ndiye anayewalisha. Asubuhi nikajikuta jikoni kwa watu, macho yamejaa moshi, nikipigana na sufuria kubwa ya isyo na kuni zilizokuwa na maoni yao. Nje, wanawake walikuwa wanateremka kwenye matuta, huyu na ndoo, yule na kiondo kizito kinachodondosha maji. Nilisimama mlangoni na mwiko mkononi, machozi yakinitoka, na si yote yalikuwa ya moshi.

Tuliyatandaza majani kidogo kidogo kwenye mabeseni. Niliwaonyesha: tikisa, tulia, tazama kinachoruka. Kisha nikatoa kifaa changu cha kukusanyia, kichupa chenye mirija miwili ya mpira. Mmoja unamwelekezea mdudu, mwingine unavuta pumzi.

"Aiya! Anamnyonya!" Mama Kasyoka akapiga kelele.

Nilieleza kwamba kuna kitambaa kinachomzuia mdudu asifike mdomoni. Hawakunisikia kwa vicheko.

Tuliendelea. Siafu, minyoo, viruka weupe wa kawaida. Jua lilipanda, majani yakaanza kukauka kingo, na mabeseni yaliyobaki yakawa machache. Nilianza kufa moyo, nikaenda kukoroga sufuria ili wasinione.

"Njoo," Mama Mutheu akaniita. Alikuwa amepiga magoti, hata kupepesa macho aliogopa. "Huyu amevaa mshipi?"

Alikuwa amevaa. Zambarau, na mshipi mweupe. Ndani ya ndoo ileile walikuwemo wengine, wakubwa, wazima, uma na papasi zao zote. Niliketi chini kwenye matope na kumkumbatia Mama Mutheu, beseni likiwa katikati yetu.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," Mama Kasyoka akasema. "Lakini huyu tusimvunje, amesumbua sana."

Walikula isyo yangu, iliyokuwa bado ngumu, bila kulalamika. Mama Kasyoka peke yake aliuliza kama maharagwe nayo ni ya kuangalia tu. Kabla sijaondoka nilichukua viruka niliowahitaji, na sote tukayarudisha majani chini ya mkuyu pamoja na wengine waliobaki ndani yake.

Nairobi nilikaa miezi kwenye darubini nikimchora unywele kwa unywele, maana viruka hutofautishwa kwa nywele zao. Wataalamu wa nchi nyingine wakakagua kazi yangu, wakakubali kwamba huyu hajawahi kuelezwa. Ikabaki kujaza jina. Niliandika la baba, nikalitazama, nikalifuta. Baba alikuwa mtu wa haki, angenikemea. Mdudu huyu hakuwa wangu peke yangu hata kidogo. Nikaandika jina la Kilatini lenye neno mwethya ndani yake.

Nilirudi Mbooni mvua zilipoanza, nikiwa na picha yake iliyokuzwa. Waliipokezana na kuchekea nywele za miguu, kisha wakainamisha vichwa, na Mama Kasyoka akamshukuru Mungu kwa kumjua kiumbe huyu kabla yetu sote.

Baadaye Mama Mutheu alinishika mkono tukashuka kisimani. Njia ilikuwa imefagiwa. Kisima kilikuwa kimefagiwa. Chini ya mkuyu palikuwa na duara la mawe, na ndani yake majani mengi, meusi, ya tangu ile siku.

"Watu wa kanisa wananisema," akaniambia. "Eti nimekuwa mvivu."

"Na wewe unawajibuje?"

"Nawaambia pole pole hapo. Kuna watu wamelala."