Ngozi ya Kiti cha Dereva

Rukaya alitoka eda siku ya Jumatatu, na Jumanne akafungua kibanda cha marehemu mumewe, Abdulswamadu, aliyekuwa fundi wa viti vya magari pale Dodoma mjini. Watu walisema amechanganyikiwa. Ilikuwa mwaka 1994, magari ya Japani yanamiminika, kila mwenye nalo anataka viti vimeremete, na wao wanataka mama wa watu akae ndani asubiri kuletewa unga. Miaka kumi na minane alikuwa ameshona magauni. Cherehani ni cherehani, alisema.

Shemeji yake, Mustapha, alimpa nafasi moja tu: kazi ya kwanza ikiharibika, kibanda anampangisha muuza spea.

Kazi hiyo ililetwa na Raphael, mtumishi wa serikali aliyekaa Mkonze, mwenye Corolla. Ngozi alikuja nayo mwenyewe kutoka Arusha, nyekundu iliyoiva, ya kutosha viti viwili vya mbele basi.

"Mama, ikiharibika sina nyingine."

"Na mimi sina mteja mwingine," Rukaya akajibu. Wakacheka, mmoja wao kwa shida.

Akalifumua gamba kuukuu lililovikwa kiti cha dereva, akalitandaza juu ya ngozi, akachora upande wa ndani kama alivyochora vitambaa maisha yake yote, akakata. Lakini kitambaa cha gauni hukunjwa mara mbili. Ukikata, unapata kulia na kushoto kwa pamoja. Ngozi haikunjwi, na ukiichorea upande wa ndani, kulia huwa kushoto. Alishona siku mbili, na alipokwenda kukivisha kiti, tundu la kupitishia chuma cha kulazia kiti likatokea upande usio wake. Gamba zima lilikuwa limegeuka.

 Akaketi kwenye kiti cha abiria, kazi yake mapajani, akimwona kwa mawazo Mustapha akija na kufuli. Akamlaumu marehemu kwa kutomwonyesha jambo dogo kama hili, kisha akaona haya. Alipotaka kujiinua, mkono wake ukashika chuma cha kulazia kiti alichokalia. Kilikuwa kushoto. Akalitazama gamba: tundu liko kushoto.

Akalivua la zamani la kiti cha abiria, akalivisha jipya. Likakaa kama soksi mguuni. Basi akakata la pili kwa kipimo cha lile la abiria, akalikosea vilevile kwa makusudi, nalo likaenea kwa dereva. "Alhamdulillahi," akasema, akarudia hadi pumzi ikamkaa sawa.

Raphael alipokuja alikalia viti vyote viwili, akapapasa mishono, akaomba awalete wenzake wawili wa ofisini. Mustapha, aliyekuwa amekuja kwa shughuli zake, naye akaingia garini. Akakilaza kiti cha dereva, akakiinua tena.

"Shemeji," akasema hatimaye, "pikapu yangu nikuletee lini?"

Rukaya alijifuta machozi kwa ncha ya khanga, wala hakuyaficha.

"Ilete. Ila utasubiri zamu."