Mama wa Kukalia Bunduki

Ukumbi wa manispaa tuliokuwa tukisalia pale Rosettenville, Johannesburg, ulikuwa na tundu kwenye dari, juu kidogo ya mahali kwaya inaposimama. Jumamosi moja watu tusiowajua walifanya harusi humo ndani, na mjomba wa bwana harusi alipokuwa akicheza, bastola ikamchomoka kiunoni, ikaanguka sakafuni na kulia. Hakuumia mtu. Tulisimuliwa kwamba muziki ulizimwa, wageni wakaangaliana, kisha muziki ukawashwa tena. Kesho yake asubuhi tulifagia vumbi la dari, tukapanga viti, tukaimba.

Sikuimba vizuri siku ile. Kila nilipoinua macho niliona lile tundu.

Nilikuwa na kijiduka cha kushona, cherehani mbili na kioo kirefu, ukuta kwa ukuta na duka la mikate la mjane mmoja wa Kireno. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza mtaani kukasirika kwa sauti. Alikuja dukani kwangu na unga mikononi, akaniambia kwamba nchi ina sheria ya silaha na kwamba ameisoma. Sheria yenyewe haikuwa mpya sana, ila kwetu ilikuwa mpya kabisa, maana hakuna aliyewahi kuiona ikifanya kazi. Inaruhusu jengo la umma litangazwe kuwa mahali pasipoingia bunduki. Bango linawekwa mlangoni, anasimamishwa mtu wa kupekua, na anayekaidi anashtakiwa. Lakini lazima mwenye jengo aombe. Mwenye jengo alikuwa manispaa, na manispaa ilikuwa imelala usingizi wa pono.

Tukaanza kukusanya saini. Mjane alisimama na karatasi kwenye kaunta yake, na asiyetia saini alipewa mkate wa jana. Mimi niliwasimamia wateja wangu: nilimwambia mtu kabisa kwamba suruali haitoki mpaka atie saini. Watu wengine walinicheka, wakasema huyu Mkongomani anajifanya mwenye mji. Sikujali. Wao hawakujua kwa nini nilikuwa na haraka.

Haraka yangu ilikuwa dada yangu.

Huko tulikotoka, Uvira, askari walikuwa wakija kanisani na bunduki zao. Hakuna mchungaji aliyeweza kuwafukuza, basi ukazaliwa utaratibu: silaha inaachwa karibu na mlango, na mama mmoja wa heshima, wa kundi la protokole linalopokea watu, anaweka kiti mbele yake na kukaa hapo mpaka ibada iishe. Hana fimbo, hana chochote. Ni mama tu aliyekaa. Nimewaona kwa macho yangu wanaume walevi, wenye damu machoni, wakisimama mbele ya mama wa namna hiyo wakingoja mpaka anyanyuke mwenyewe. Kumsukuma mama aliyekaa kulikuwa laana, na hata wao laana waliiogopa.

Utaratibu huo tulihamia nao Johannesburg. Kanisani kwetu wanaume wengi walikuwa walinzi. Walitoka zamu ya usiku, kwenye maduka na maghala, wakaja moja kwa moja ibadani na bastola za kampuni viunoni, jambo ambalo kampuni zenyewe hazikupaswa kuliruhusu. Wachache walikuwa na vibali. Wengine waliulizwa tu kama wanajua kulenga. Basi wakifika mlangoni walizitoa, zikafungiwa kwenye kabati la chuma lililokuwa ndani ya ukumbi, upande wa nyuma, karibu na jiko, na dada yangu alikaa mbele ya kabati hilo na funguo shingoni. Alivaa kitenge chake cha protokole, akanyoosha mgongo, akasalimia kila anayeingia. Alikuwa mjane asiye na mtoto, amesafisha nyumba za watu wiki nzima na kuitwa kwa kupigiwa makofi kama asiye na jina. Jumapili alikuwa mtu. Nalijua hilo, na ndilo lililonifunga mdomo kwa muda mrefu.

Saini tulizipeleka kwenye ofisi moja ya manispaa kule Marshalltown. Tukapigwa danadana. Mhusika yuko likizo, mhusika amehamishwa, mhusika ni idara nyingine ghorofa ya juu, na lifti imekufa. Mjane alikuwa na miguu mibovu lakini alipanda ngazi zile akitukana kwa Kireno. Mwishowe, nadhani ili tu tuwaache wapumue, walitutumia diwani. Mkutano ukaitishwa ukumbini mwetu, jioni, na wakazi wote wakaalikwa.

Watu walijaa. Mjane alisema, mwalimu mmoja mstaafu akasema, mimi nikasema kwa Kiingereza changu cha kuokoteza: sheria ipo, tunaomba manispaa iifuate, haturuki ukuta wa mtu. Diwani alisikiliza huku akiangalia simu. Akajibu kwamba maombi ya namna hiyo yana taratibu zake, kwamba kuna gharama ya mpekuzi, kwamba tuwe na subira. Ukumbi ukaanza kunung'unika. Nilimwona anatokwa jasho, na kwa mara ya kwanza nikadhani tumembana.

Hapo mchungaji wetu akasimama. Mtu mwema sana, Mungu anisamehe, lakini alikuwa na ugonjwa wa kupenda kusifiwa mbele ya wakubwa.

"Mheshimiwa," alisema, "kanisa letu halikungoja. Sisi tumeshatii. Kila Jumapili bunduki zote za walinzi wetu zinafungiwa kwenye lile kabati pale nyuma. Na funguo anazo huyu mama."

Akanyoosha kidole. Dada yangu akasimama, akatabasamu, akapunga mkono. Watu wakampigia makofi.

Machale yalinicheza pale pale. Niligeuka kuangalia nyuma. Karibu na mlango walisimama vijana wanne watano ambao sikuwahi kuwaona mtaani, wamekunja mikono. Mmoja wao hakupiga makofi. Alikuwa akiliangalia kabati. Kisha akasema kwa sauti ya chini, lakini niliisikia, "Sharp, mfundisi," yaani safi, mchungaji.

Na diwani? Diwani alifurahi kama aliyeondolewa jiwe kifuani. Alisema huu ni mfano wa jamii inayojitatulia matatizo yake, na kwamba kwa kuwa hali imeshadhibitiwa, maombi yetu hayana dharura tena. Akafunga mkutano. Mjane alinishika mkono nje, vidole vyake vikinifinya mpaka nikaumia.

"Mchungaji wenu," aliniambia, "amewatangazia wezi duka la bunduki."

Usiku ule sikwenda kwangu. Nilimfuata dada yangu mpaka chumbani kwake.

"Yaya, uache ile kazi," nilimwambia, maana kwetu dada mkubwa huitwa yaya. "Batu bote bamesikia. Bamekuona na sura."

"Basi bamejua ni nani mwenye kulinda."

"Unalinda na nini?"

Alicheka, akanipa chai. "Mudogo wangu, mimi ni mama. Nani atasukuma mama mwenye kukaa mbele ya nyumba ya Mungu?"

"Huku si kwetu, yaya. Huku mama anasukumwa. Wewe unasukumwa kila siku kwenye foleni ya teksi!"

Niliona uso wake ukifunga. Nilikuwa nimegusa mahali pabaya, na nilijua, lakini nilikuwa na hasira na sikuweza kunyamaza. Nikamwambia anipe funguo mimi. Akazishika kifuani kwa mkono mzima, akasema funguo ni za Mungu, si za ukoo wetu. Nikaondoka bila kuaga.

Nilimwendea mchungaji. Nilimwambia walinzi warudishe silaha kazini kabla ya kuja kusali, au wasije kabisa. Akaniambia nina roho ya hofu, akaniombea. Nikaenda tena Marshalltown na mjane. Kijana wa dirishani, mpole, mwenye tai, alitafuta faili letu na kusoma. "Lakini hapa imeandikwa mna kabati," alisema. Nilimweleza kwamba kabati ndilo tatizo. Akasoma tena. "Eish, mama," alisema, "wameandika kwamba kabati ndilo suluhisho."

Baada ya hapo nilianza kuona mambo. Labda yalikuwepo siku zote. Gari jeupe lenye vioo vyeusi lilisimama karibu na robot, taa za kuongozea magari za barabara yetu, taa ikawaka kijani, lisiondoke. Jumapili moja alikuja mgeni, suti nzuri, viatu vya michezo. Hakujua wimbo hata mmoja. Alikaa kiti cha nyuma kabisa na dada yangu alimkaribisha kwa mikono miwili, akamletea Biblia. Wakati wa matangazo mgeni alitakiwa ajitambulishe, kama ilivyo desturi yetu, na alipotafutwa alikuwa ameshaondoka. Biblia aliiacha juu ya kabati.

"Aliharakia kazini," dada yangu alisema.

Nilihamisha kiti changu nikasogea nyuma ili niwe karibu naye, na yeye akanirudisha mbele, akaniambia mahali pangu ni kwenye kwaya, nisimwaibishe. Nilirudi mbele. Tulikuwa hatusemezani vizuri siku hizo, na nilitaka amani.

Siku yenyewe ilikuwa ya baridi, jua kali lisilo na joto. Mahubiri yaliisha, mchungaji akaita maombi. Sisi hatuombi mmoja mmoja kwa zamu. Tunasimama wote, tunafumba macho, na kila mtu anamwaga yake kwa sauti yake yote, Kiswahili, Kifaransa, Kifuliiru, lugha za rohoni, mpaka madirisha yanatikisika na majirani wanapiga simu. Mwenye shida kubwa ndiye anayepaza zaidi. Wengine wanaanguka. Wengine wanapiga meza. Hakuna anayefumbua macho kutazama, maana kumtazama mwenzio akilia mbele za Mungu ni utovu wa adabu.

Katikati ya kelele zile nilimsikia dada yangu. Ningeijua sauti yake katika umati wowote. Alikuwa akiita, "Yesu! Yesu, munisaidie! Munisaidie!" Kitu kikagonga chuma. Akaita tena, juu zaidi, sauti inakatika. Niliguswa. Nilifikiri, hatimaye Mungu anamlainisha, hatimaye anayatoa yote, mume aliyekufa, watoto asiowapata, hata maneno yangu mabaya ya usiku ule. Machozi yalinitoka. Mchungaji naye alimsikia, akasema kwenye kipaza sauti, "Mwite, mama! Mwite kwa nguvu!" Na kanisa zima, mimi nikiwamo, tukajibu, "Amina!"

Tulijibu zaidi ya mara moja.

Tulipofumbua macho, mlango wa nyuma ulikuwa wazi na baridi inaingia. Kabati lilikuwa wazi, tupu. Kiti chake kilikuwa kimepinduka. Yeye alikuwa sakafuni kando yake, mkono wa kulia umekunjwa mahali ambapo mkono haukunjiki, shingo imechanika pale kamba ya funguo ilipovutwa. Wanaume walikimbia nje na kurudi bila kitu. Mtu akazima kinanda, ambacho kilikuwa bado kikipiga chenyewe.

Polisi walikuja wakawachukua walinzi wetu kwanza, kwa kupoteza silaha ambazo baadhi yao hawakupaswa kuwa nazo. Kampuni zilisema hazikujua. Diwani alisema hakujua. Bango likawekwa mlangoni upesi ajabu, bunduki iliyochorwa mstari mwekundu, na mpekuzi akapatikana, na fedha zake zikapatikana, na faili lote likasogea kama limepakwa mafuta. Mjane alikuja kuniambia tumeshinda. Alisema hivyo kisha akakaa kwenye kiti cha wateja wangu akaanza kulia, na mimi nikaendelea kushona kwa sababu sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Bunduki zile ziko mahali fulani katika mji huu. Kila ninaposikia kwamba mwenye spaza, kiduka cha mtaani, ameuawa Diepsloot au kwingine, ninauliza alipigwa na nini, na watu wananishangaa.

Dada yangu alikaa hospitali, kisha akaja kwangu kwa kuwa hakuweza kujivalisha. Nilimwogesha, nikamsuka nywele, nikamkatia nyama. Hakunilaumu kwa lolote. Alikuwa mpole kupita kiasi, na upole wake ulinitisha. Mchungaji alipokuja na wamama wa kanisa kumtazama, waliimba kidogo sebuleni, kisha mchungaji akasema tuombe. Wakasimama, wakafumba macho, sauti zikaanza kupanda. Dada yangu akaniomba nimpeleke chumbani na nifunge mlango.

Nilimkalisha kitandani. Kelele zilipenya ukutani.

"Yaya," nilimwambia, "hatukujua. Tulidhani unaomba."

"Nilikuwa naomba," alisema. "Niliwaomba ninyi."

Sebuleni wakajibu amina, na nikamwona akijikunja.