Poda Iliyolingana na Manjano

Premila alikuwa amechoka hata kabla ya kufungua duka. Msimu wa miwa ulikuwa umepamba moto pale mjini Labasa, malori yamepanga foleni hadi darajani, na masizi ya kiwanda cha sukari yanaangukia nguo, chakula, kila kitu. Miguu yake ilikuwa imevimba. Lakini uso, aah, uso ulikuwa tayari tangu majogoo, mweupe, laini, hauna habari na mtu. Aliyechoka ni mwenyewe.

Aliuza vipodozi katika duka la dawa, na kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani mji mzima. Akimwona mwanamke anajaribu poda mgongoni mwa mkono, anamchapa kidogo. "Utaivaa mkononi wewe? Lete taya hapa!" Kisha anamkokota hadi mlangoni penye mwanga wa jua, maana taa za dukani zinadanganya watu. Anamchora vistari vitatu kwenye taya, anavisubiri vikauke. "Kinachopotea ndicho chako. Ukikiona bado, kirudishe." Wengi walikuja wakitaka weupe, wakaondoka na rangi yao, wakarudi kushukuru. Alimwambia kila mtu ukweli isipokuwa yeye mwenyewe.

Chanzo kilikuwa harusi yake. Kwao, bibi harusi hupakwa manjano siku kadhaa, asubuhi na jioni, mpaka ang'ae. Katika pilikapilika zile, shangazi yake akamchukua na manjano yake usoni wakanunue poda ya kuvaa ukweni, na wakachagua iliyolingana. Ililingana kweli, ila na manjano! Wiki ya pili manjano yakatoka, Premila akarudia rangi yake ya maji ya kunde iliyokoza, na poda ikabaki vile vile. Kumbe mama mkwe ameshatangaza mtaa mzima, "Nimeleta mkwe mweupe mimi!" Sasa nani ataenda kumwambia? Premila akaanza kuamka kabla ya watu, anajipaka kwa mwanga wa mshumaa, na usiku ananawa taa ikishazimwa. Mama mkwe akafa, akachomwa, majivu yakaenda na mto. Mazoea hayakuchomwa. Jamani, mtu mzima anafungwa na kikopo!

Ijumaa ile akaingia Anjila, binti wa dada yake, manjano mpaka kwenye kope.

"Mungu wangu! Bibi harusi anazurura mjini? Mama yako anajua?"

"Yuko jikoni anakaanga mikate ya puri, hata hakuniona. Mama mdogo, harusi kesho, keshokutwa nahamia Nadi, kisiwa cha pili, kwa wakwe. Nataka poda ya kila siku. Nipe kama yako."

Premila alikuwa amesimama tangu asubuhi. Kazi ilikuwa ndogo tu, kuinama, kutoa kikopo, kumwacha mtoto aende zake akifurahi. Mkono ukafika kwenye droo ukasita.

"Ngoja manjano yatoke kwanza, mwanangu."

"Yakitoka nitakuwa Nadi! Na wakwe wameshaona picha za jana. Wanasema mkwe wao anang'aa kama dhahabu."

 Premila akaziona asubuhi zote za mtoto huyu, anapapasa gizani akitafuta kioo, anakimbizana na jogoo.

"Sikuuzii."

"Kha! Mbona wewe unaivaa?"

 Premila akachukua pamba, akaitia mafuta ya nazi, akamshika Anjila mkono hadi mlangoni. Pale pale, wateja wakitazama, akajifuta. Shavu moja, la pili, paji la uso. Pamba ikajaa.

"Hii ndiyo rangi yangu. Umewahi kuiona?"

Anjila akatikisa kichwa taratibu.

"Hakuna aliyewahi kuiona. Nimechoka, Anjila. Nimechoka mpaka kwenye mifupa." Akainua nywele za binti kisogoni, mahali ambapo manjano hayakufika. Hapo ngozi ilikuwa nyeusi, safi, ya kupendeza. Akachora vistari vyake, akasubiri. Kimoja kikapotea. "Hiki. Kidogo tu puani na chini ya macho. Wanja. Rangi ya mdomo ile ya zambarau. Kesho manjano yakioshwa, hata rangi yake ikibaki, utavaa hii hii mbele yao."

"Wakisema je?"

"Waseme siku moja yaishe. Mimi najibu kila asubuhi."

Anjila akakipokea kikopo.  Akakitia kwenye mkoba akatoka, na Premila hakujua atakivaa au atakitupa mtoni.

Jioni alirudi nyumbani uso mtupu. Mumewe Dharmen, dereva wa lori la miwa, alikuwa mezani anamenya chungwa. Akainua macho, akamtazama, akarudi kwenye chungwa lake.

"Baba Kamlesh, huoni kitu?"

"Nimeona. Leo hukujipaka."

"Basi? Hushangai?"

"Nishangae nini, mama Kamlesh? Unanawa gizani, haitoki yote; foronya zako kila asubuhi zina poda upande mmoja. Na wewe ukilala unajisahau, unageukia dirishani, mwezi unakuwakia usoni. Naijua rangi yako tangu mwezi wa kwanza wa ndoa."

Premila akashika kiti. "Na ukanyamaza? Miaka yote hii naamka na majogoo, wewe umenyamaza?"

"Nilidhani unapenda."

Alitaka kumrushia lile chungwa. Alitaka kulia, kucheka, kumpigia kelele mpaka majirani waje. Nguvu zenyewe hakuwa nazo. Akaenda kulala na viatu miguuni.

Asubuhi jogoo akawika, akawika tena, Premila hasikii. Jua lilipomfikia usoni, Dharmen alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, hajui akiweke wapi.

"Amka, mama Kamlesh. Tutachelewa harusini."

"Niache kidogo," akasema, na hakuufunika uso.