Kidonge cha Digrii Mia Tisa

Nina hadithi moja ambayo nimeisimulia mbele ya watu mara nyingi, nikiwa nimesimama kando ya projekta, na kila mara nimeisimulia vibaya kwa makusudi. Ni hadithi ya kidonge cheusi, kidogo kuliko kifuniko cha soda, kilichonipatia shahada yangu. Ndani yake kuna mtu ninayemruka. Leo sitamruka, ingawa naona aibu hata kabla sijaanza.

Chuo kilikuwa upande wa Kajiado, nami nilikaa Kitengela, kwenye nyumba ya kupanga karibu na machimbo ya mawe, ambako hata chai ilikuwa na vumbi. Nilizoea. Kazi yangu nayo ilikuwa ya vumbi: nilichanganya unga wa madini ya lanthani, stronti na manganizi, nikausaga kwenye kinu kidogo hadi kifundo cha mkono kikauma, nikauchoma, nikausaga tena, kisha nikaukandamiza kwa jeki kuwa kidonge na kukitia kwenye tanuri. Tuliviita vidonge, na wenzangu hawakuchoka kuniuliza kama ni vya malaria.

Unga huo ukishaungua huwa oksidi yenye usumaku wake. Ukiitazama kwa hadubini utaona imejengwa kwa punje ndogo zilizobanana, kila punje ikiwa sumaku iliyoelekea kwake. Elektroni hutembea vizuri ndani ya punje, lakini ikifika ukingoni, pale punje moja inapopakana na nyingine, hukuta ukuta mwembamba ambao haina nguvu ya kuupanda. Ajabu ni kwamba huupenya vilevile, bila kuupanda na bila kuutoboa. Ila hupenya kwa urahisi pale tu punje ya pili inapoelekea upande uleule wa ya kwanza. Leta sumaku karibu, punje zote hugeukia upande mmoja, na ukinzani wa kidonge, yaani kinavyozuia umeme kupita, hushuka. Nilitaka kidonge ambacho ukinzani wake ungeshuka sana kwa sumaku ndogo. Viwili vyangu vya kwanza vilishuka shingo upande, kama mtu anayeitikia salamu asiyoitaka.

Tanuri lilikuwa na mwenyewe. Alikuwa mzee mmoja wa Isinya, fundi wa maabara, aliyefanya kazi kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja kwa muda mrefu kuliko umri wa baadhi ya wanafunzi. Hakuwa na shahada. Alikuwa na kaunta buku yake mwenyewe, ambayo idara haikuwahi kumwomba aiandike, aliyoichora safu kwa rula: siku, digrii, saa, sababu, na mwisho jina la mchomaji, yaani yule aliyeamua moto uweje, ambaye siku zote alikuwa mwanafunzi. Hakuna kitu kilichoingia kwenye tanuri bila kuandikwa humo. Aliniita Daktari miaka kabla sijastahili. Mimi nilimwita Mzee, kama kila mtu.

Kidonge cha tatu nilimwachia Ijumaa mchana pamoja na karatasi: digrii elfu moja na mia mbili, saa kumi na mbili. Nikaenda zangu Kitengela. Jumatatu nilikuta kimetoka na rangi iliyopauka, ukingo wake ukimong'onyoka kwa ukucha.

"Stima ilikuwa inacheza, Daktari," akasema kabla sijauliza. "Inaenda, inarudi. Ile waya ya ndani ilikuwa karibu kuungua. Nikashusha mpaka mia tisa, nikaacha hapo. Kidonge yako ingepasuka."

Mtu mwenye akili angeuliza swali la pili. Mimi nina hasira za karibu. Mama yangu husema nilizaliwa nazo zikiwa zimeshachemka. Nilimwambia, mbele ya wanafunzi wanne wa mwaka wa kwanza, kwamba ameharibu kazi ya miezi, na kwamba mtu asiyejua fizikia hana ruhusa ya kufikiri juu ya kazi yangu. Neno "takataka" lilitoka kinywani mwangu. Nilikuwa na umri wa binti yake wa mwisho.

Alifunga mlango wa tanuri polepole. "Sawa," akasema. "Lakini ipime kwanza."

Sikupima. Nilikaa nikaandika barua kwa ofisi ya idara, kwamba fundi wa tanuri amebadilisha vipimo vyangu bila idhini, na nikaomba hatua zichukuliwe. Mkataba wake ulikuwa unaangaliwa mwezi ule. Nataka hili lisomeke vizuri: nilijua.

Baada ya barua kwenda ndipo nikaamua kupima, ili matokeo mabaya yawe ushahidi. Kwa kipimo hiki nilihitaji nitrojeni ya maji, maana kupenya huko kwa elektroni huonekana vizuri kwenye baridi kali, na chuo hakikuwa nayo. Kwetu Kajiado mwenye nitrojeni ni yule anayezunguka akipandisha ng'ombe kwa mrija, anayehifadhi mbegu za fahali ndani ya mtungi wake. Alikuwa jirani wa Mzee huko Isinya, na ni Mzee aliyekuwa akituombea lita mbili tatu. Siku mbili baada ya kumtukana nilimwona akishuka kwenye boda boda, kitungi amekishikilia magotini kwa mikono miwili kisimwagike. Hakuna aliyemtuma. Nilikipokea bila kumtazama usoni.

Ukinzani ulikuwa juu sana. Nakiri nilifurahi. Kisha nikawasha sumaku, hata si kwa nguvu, na namba kwenye mita ikaporomoka. Nikazima, ikapanda. Nikawasha, ikaporomoka tena. Vidonge vyangu vizuri, vile vigumu vilivyochomwa kwa digrii zangu, havikuwahi kufanya hata nusu ya hivyo. Nikaketi. Sababu niliielewa palepale, maana nilikuwa nimeisoma vitabuni nikaipita: moto mdogo haukuzipa punje nafasi ya kukua na kumezana. Zilibaki ndogo na nyingi, mipaka kati yake ikawa mingi, na elektroni ikalazimika kupenya tena na tena tangu upande mmoja hadi wa pili. Kila ukuta ulikuwa na lake la kusema mbele ya sumaku.

Msimamizi wangu, mwanamke asiyesifu ovyo, aliwaita walimu wengine wawili waje waone.

"Ulichoma kwa digrii ngapi?" akaniuliza.

"Mia tisa."

"Kwa nini ukashuka hivyo?"

Mzee alikuwa amesimama mlangoni, amefuata kitungi cha jirani yake. Nilimwona. Nilikuwa na muda wa kutosha. Nikasema, "Nilitaka punje zibaki ndogo."

Msimamizi akaandika. Mzee alingoja walimu watoke, akauliza kama kuna nitrojeni iliyobaki, akabeba kitungi akaenda. Hakuniita Daktari siku hiyo.

Barua yangu ilikuwa bado ofisini. Kuiondoa kungehitaji maelezo: barua ilisema fundi ndiye aliyeshusha moto, nami nilishajitangaza kuwa ni mimi. Ukweli mmoja ungeua mwingine. Basi nikaiacha hukohuko, nikijiambia kwamba ofisi hazisomi barua. Hiyo waliisoma. Mwezi ulipokwisha mkataba wake haukutiwa sahihi. Watu walisema ni umri, na mimi, shetani wa mtu, nikaitikia kwamba ni umri.

Ningependa kusema kwamba dhamiri ndiyo iliyonipeleka kwake. Sivyo. Wakaguzi wa makala niliyoandika juu ya kidonge kile waliomba maelezo kamili ya uchomaji: moto ulishuka kwa hatua gani, ulikaa wapi, kwa saa ngapi. Sikujua. Nilichoma vidonge vingine kwa digrii mia tisa, kimoja baada ya kingine. Vingine vilitoka unga mtupu, vingine vilikuwa vya kawaida kama viwili vyangu vya kwanza. Fundi mpya aliniangalia tu nikihangaika. Aliyejua kidonge kile kilipikwa vipi alikuwa mtu mmoja, na alikuwa ameandika.

Yule jirani mwenye nitrojeni alinielekeza Isinya, nikamkuta nyuma ya nyumba yake akiosha vyombo vya maji vya kuku.

"Sopa," akanisalimu kwa Kimaasai.

"Epa," nikajibu. Njia nzima nilikuwa nimejipanga kuanza na msamaha. Nilipofungua mdomo, kilichotoka ni kuulizia kitabu. Hilo linaniuma hadi leo kuliko hata barua.

Alikausha mikono, akanitolea kiti, akaingia ndani akarudi na kaunta buku. Ukurasa ulikuwa umejaa mwandiko wake mdogo ulionyooka. Alikuwa ameshusha moto kidogo kidogo Ijumaa jioni yote. Jumamosi alishinda hapo. Jumapili baada ya kanisa alirudi, na mlango wa tanuri hakuufungua hadi ulipogusika kwa mkono. Kwenye safu ya sababu aliandika: "Stima mbaya. Kazi ya mtu isipotee." Safu ya mwisho, ya jina la mchomaji, ilikuwa tupu. Ndiyo pekee iliyokuwa tupu kitabu kizima.

Hapo ndipo nikasema yote. Nilisema kuhusu barua, na kuhusu niliyoyasema mbele ya walimu. Machozi yalinitoka, nikachukia kwamba yananitoka, kwa sababu yalifanana na kuomba huruma.

"Barua najua," akasema. "Walinisomea. Nilikasirika sana, na bado niko na hasira. Usifikirie mtu akizeeka anasahau."

"Nitaenda ofisini, Mzee. Nitawaambia."

"Enda," akasema. Nilikwenda kweli, wiki iliyofuata. Waliifungulia barua yangu ya pili, ya kukiri, faili, wakaniambia nafasi ina mtu. Lakini siku ile kwenye kiti bado nilidhani kuna kitu ninaweza kurekebisha, kwa hiyo nikamwuliza mbona hakujaza safu ya mwisho.

"Jina naandikanga mwisho, kitu ikishapimwa. Wewe ulisema ni wewe ulichoma. Mimi najua ni mimi. Kwa hii kitabu siandikangi uongo, na sikutaka kukuandikia kesi. Nikaacha hivyo." Akatoa kalamu mfukoni, akaijaribu kwenye kiganja chake, akanipa. "Jaza wewe. Vile ilikuwa."

Nikaiweka kalamu kwenye safu. Ikasimama. Miaka miwili mtu huyu alinichomea unga na vidonge, alinibebea baridi magotini, aliniita kwa cheo nisichokuwa nacho. Hata barua iliyomwachisha kazi ilisema tu "fundi wa tanuri". Alingoja. Kisha akaelewa kwa nini siandiki, na uso wake ukabadilika kuliko siku ile nilipomwambia takataka.

"Mzee," nikasema, "unaitwa nani?"